Mlio wa Risasi ya Shomari

Temeke, Alhamisi usiku

Mbawala hakuguswa. Habari hiyo ameitoa Mzee Athumani, mchinjaji wetu, ambaye ndiye aliyefika wa kwanza.

Shomari anamwoza bintiye Jumamosi na ameshawatangazia wageni pilau ya mbawala. Leseni ya kuwinda aliyopewa na Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, inaisha kesho jioni. Leo tuliingia msitu wa Pugu watatu: yeye na gobori lake, Mzee Athumani na kisu, mimi na masikio ya mwandishi wa gazeti.

Gobori lililia, kisha ukafuata mlio mwingine, mzito, wa majimaji. Pwaa!

"Tumbo hilo!" Shomari akapiga kelele. "Mzee, kimbia kabla hajafa!"

Mzee Athumani akatimka vichakani, bismillahi mdomoni, asije akatulisha mzoga. Hata mimi ningeapa nimesikia nyama ikipasuka. Miaka yote hii nawahoji mashahidi, kumbe nami ni walewale.

Tulimkuta mbele ya fenesi lililotobolewa na risasi, utomvu umemjaa hadi kwenye ndevu.

"Nimeshalichinja," akasema. "Ni halali, kuleni."

"Mzee wangu, nakuomba," Shomari akasema. "Mama watoto asisikie."

Mkewe alitungojea mlangoni. Nikamwambia risasi imepata kitu kizito, na Mzee Athumani amekichinja. Hakuna neno la uongo hapo. Akaingia ndani kumenya vitunguu huku akiimba, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tunarudi Pugu kesho, mara baada ya sala ya alfajiri.