Ushahidi Kwenye Mchezo wa Kadhi

Umwe, Rufiji
20 Septemba 1994

Kaka yangu Talib,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe, wifi na watoto huko Tanga. Sisi hatujambo, ila magoti yanamsumbua mama, na mpunga mwaka huu nguruwe wametuachia kiasi. Mama kila siku anauliza kwa nini huji. Sote tunajua huwezi kupita barazani ukiitwa mtoto wa mwizi wa sanda.

Sasa nikupe habari. Jumamosi Gharibu alileta kundi la wachezaji kutoka Dar es Salaam, wakajengewa jukwaa la mbao pale uwanjani Kibiti, watazamaji mikekani, kiingilio hakuna. Biashara huria imemnawirisha: ana duka la vitambaa, ana lori, na sasa anautaka ubunge. Lori hilo alilileta mpaka huku kutuchukua, watu wakaenda njia nzima wakiimba. Mimi sikuimba.

Ulikuwa ule mchezo wa zamani wa kadhi na mjane, ambao kila aliyesoma anaujua kwa moyo. Wewe mwenyewe ulikuwa kadhi darasa la saba. Mjane anasingiziwa wizi, kadhi anauliza umati mara tatu nani mwenye ushahidi, na desturi ni watazamaji kunyamaza, mjane ahukumiwe, watu walie. Walianza baada ya Alasiri. Gharibu alikaa mbele kwenye kochi, kanzu inameta, akijipepea kwa kofia. Nilimtazama yeye kuliko jukwaa. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa miaka kumi na moja, na yote hiyo nimemwombea uhai, asije akafa kabla sijampata.

Kadhi alipouliza mara ya tatu nikasimama, nikasema ushahidi ninao. Watu wakacheka, wakidhani nimepangwa na wachezaji. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Gharibu. Kadhi naye, kijana mwepesi wa akili, akaniita nipande niseme.

Nikaeleza kuwa mwaka themanini na tatu, nguo zilipoadimika hata kwa maiti, Umwe tulichanga tukanunua jora la sanda, likawekwa stoo ya msikiti, ufunguo akapewa Mzee Huseni, baba yetu. Lilipopotea akaitwa mwizi mpaka akafa, tukamzika kwa shuka za kitandani. Kisha nikamnyooshea Gharibu kidole, nikasema jora zima alilichukua yeye akaliuza ng'ambo ya mto.

Hasira zikamtoa kwenye kochi. "Jora zima lipi? Lilibaki nusu, tena limeliwa na panya!"

Uwanja mzima ukamgeukia. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akilikata, na hakumwambia mtu limebaki kiasi gani. Mwanabibi, yule jirani yetu aliyemzika mwanawe bila sanda mwaka ule, akainuka, akamwendea taratibu, akamvua kofia na kuitupa mchangani. Hakuna aliyemzuia. Watu wa Umwe walikataa kurudi na lori lake. Jumapili imamu aliomba radhi kaburini kwa baba mbele ya kijiji, na leo nasikia duka limefungwa na mtu kahama. Nimecheka, kaka, Mungu anisamehe, nimecheka mpaka mama akaja kuniangalia.

Lakini jambo moja sikulisema jukwaani. Ufunguo Gharibu aliupata kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ameniahidi posa, akasema anataka kipande tu cha kumzikia mama yake mdogo. Nikamchomolea baba mfukoni alipolala mchana. Jora likapotea, nikanyamaza, na posa ikaenda kwa msichana mwingine, Fatu.

Baba alijua. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Hilo jina la uwizi niachie mimi, mwanangu. Mie naenda zangu."

Nikamwachia. Ndiyo maana nilimchukia Gharibu kwa chuki ya watu wawili, yeye na mimi. Yeye nimeshamlipa. Nimebaki mimi, na mwenye haki ya kunilipa ni wewe. Njoo.

Mama anakusalimu sana. Wifi na watoto wape salamu, hata kama hutawaambia zimetoka kwa nani.

Nduguyo, ukikubali kuniita hivyo,
Tatu binti Huseni