Matairi ya Gari Uliloniachia

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kikohozi cha mwanao mdogo kimekwisha. Kama bado, mpelekeni kwa daktari. Msikae mkisema kitaondoka chenyewe, maana kikohozi hakina miguu.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakipata jua yanakubali. Bati la jikoni limezibwa. Habari za Baba nitazifikia mbele kidogo, kwa sababu zimeingiliana na za gari na sikuweza kuzitenganisha.

Najua simu ni rahisi kuliko barua. Lakini kwenye simu huwa unauliza gari kabla sijamaliza salamu, nami hukujibu kwamba ni zima ili tuendelee. Safari hii nataka upate habari yote kwa mpangilio wake, bila kunikatiza.

Uliponiachia gari lako ulikuwa umelivisha yale matairi mapana ya mashindano, yenye meno machache na ubavu mwembamba. Kwenye lami kavu lilishika kona kama kupe, sibishi. Ila wewe ulikuwa ukilitoa siku za mapumziko, limeoshwa, jua linawaka. Mimi nalitumia kazini. Kila siku ya kazi nazunguka zahanati za mlimani kuchukua sampuli za damu na kuziteremsha maabara ya hospitali kuu. Ile barabara unaijua: juu ukungu, katikati mvua, chini vumbi, na yote hayo kabla ya saa sita mchana. Mtu anapita majira yote ya mwaka katika safari moja.

Mwezi uliopita nilimpa lifti muuguzi wa zahanati ya juu, aliyekuwa anakwenda likizo ya uzazi. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, ile inayogeuza vumbi la lami kuwa utelezi. Kwenye mteremko wa darajani nikakanyaga breki. Magurudumu yalisimama, gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni ndani ya beseni, likageuka kutazama tulikotoka, kisha gurudumu la nyuma likaingia mtaroni na hapo likatulia.

Sanduku la sampuli halikufunguka. Muuguzi alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili mpaka watu waliokuwa shambani walipokuja kutusukuma. Ndipo akashuka, akanishukuru kwa adabu, akasema atangoja basi. Sikumlaumu. Amekwisha kujifungua salama, mtoto wa kike. Nilikwenda kumwona, na tulizungumza mambo mengi isipokuwa gari.

Nilipoyakagua matairi niliona yamekuwa vipara, hasa ya nyuma. Baba aliposikia akasema twende dukani pamoja. Unamjua mwenyewe: ameendesha mabasi ya abiria maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo fundi akifungua boneti ya gari la jirani, yeye husogea kama aliyeitwa.

Tulikwenda kwa yule bwana wa matairi tunayemwita Upepo. Jina hilo alilipata kwa sababu hanyamazi anapojaza matairi, na ukisimama karibu hujui upepo unatoka kwenye pampu au kwake. Alitupangia matairi ukutani. Kulikuwa na aina kama yako ya zamani, nikamwambia hayo ayarudishe ndani. Kulikuwa na magumu, yasiyo na mlio, ambayo mtu akiyafunga anaweza kusahau kwamba gari lina matairi. Na kulikuwa na yale niliyoyafuata, ya mwendo wa kasi kwa majira yote: laini kidogo, yenye mifereji mipana ya kupitisha maji na mikato myembamba kama ya wembe kwenye meno, ili yang'ate lami iliyolowa, ubavu mgumu kiasi cha kutolegea kwenye kona. Hata hayo yalikuwa ya namna mbili, moja ikielemea mwendo na nyingine ikielemea mvua. Kasoro yake Upepo hakuificha: yanavuma kidogo na yanaisha mapema.

Neno hilo la kuisha mapema ndilo Baba alilolishika. Alisema tairi ni kama kiatu, lisilodumu si tairi. Yeye alitaka yale magumu. Kila alipotoa neno Upepo alilipokea kama amri, kwa heshima ya mzee, ingawa dakika chache kabla alikuwa akiyasifu yale mengine. Mimi nikauliza swali moja tu, kwamba kwenye maji ni yapi yanayosimamisha gari mapema. Baba akajibu kwamba gari husimamishwa na dereva.

Kuona ubishi hauishi, Upepo akatupeleka nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kuoshea magari. Ni sakafu ya saruji yenye mteremko, haikauki mchana kutwa. Ana magari mawili ya kazi yanayofanana, moja limefungwa matairi magumu na moja yale ya majira yote. Akaweka pipa la plastiki ukingoni upande wa kushoto, liwe alama: dereva aje kwa mwendo, akifika usawa wa pipa akanyage breki, tuone gari litakwenda kusimama wapi.

Akaendesha mwenyewe. La matairi magumu lilipita likiserereka mpaka karibu na ukuta wa mwisho. La pili liliinamisha pua likasimama mbali na ukuta. Mimi niliona yamekwisha. Baba akasema Upepo anaonea, kwamba gari moja amelikanyagia breki kwa guu zima na jingine kwa kidole gumba. Akanyoosha mkono. Hakuomba ufunguo, alinyoosha mkono tu, na Upepo akampa. Nani angemnyima?

Alichukua lile la majira yote. Alikuja vizuri, mgongo umenyooka, mwendo umetulia, kama zamani. Mimi nilikuwa nazitazama taa za breki. Akalifikia pipa, na taa hazikuwaka. Gari likaelemea kushoto kidogo, likalikumba pipa kwa ubavu, pipa likaanguka na kubingirika, naye akaendelea vilevile. Alipoliona rundo la matairi makuukuu mbele yake ndipo akakanyaga, na gari likasimama palepale, limeligusa rundo kwa bampa tu.

Upepo alianza kusema pipa ni pipa, mzee asijali, yapo mengine. Mimi nikaenda dirishani. Baba alikuwa bado ameshika usukani.

"Mbona mmeliondoa pipa?" akaniuliza.

Nikamwambia hatukuliondoa, amelipiga. Akageuza kichwa chote kushoto, na mabega nayo yakafuata, akalitafuta mpaka akaliona chini. Akalitazama kwa muda.

"Upande huu una ukungu siku nyingi sasa," akasema. "Nilidhani ni kioo."

Hapo nilielewa kwa nini kila alipotumia gari lako alirudi akilalamika kwamba sijui kuosha vioo.

Hatukununua kitu siku hiyo. Nilimpeleka kliniki ya macho asubuhi iliyofuata, na hakubisha, jambo lililonitia wasiwasi kuliko lile pipa. Daktari alimweka mbele ya mashine, akamwambia abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye stuli. Palikuwa na muda mrefu mashine ikifanya kazi yake na kidole cha Baba kimetulia juu ya kitufe, kinangoja.

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeliwa zaidi, la kulia bado lina kitu. Daktari alieleza bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni, na kuendesha gari basi. Baba alimsikiliza kama anayesomewa ratiba ya basi iliyobadilishwa. Akauliza kama matone yanawasha. Akaambiwa kidogo.

Mama tulipomweleza akasema alikuwa akijua na hajui. Jumamosi wakienda sokoni, yeye alikuwa akimwambia kuna baiskeli hiyo, kuna mtoto huyo, naye Baba akijibu kwamba amewaona. Ndivyo walivyokuwa wakisafiri, macho ya mmoja yakitumiwa na wawili. Sijui nani kati yao alikuwa akimficha mwenzake. Sikuuliza.

Siku chache zikapita bila mtu kutaja gari. Kisha Baba akanijia nikiwa naanika nguo, akasimama nami nikiwa kuliani kwake, upande ambao sasa ndio anaouona.

"Kanunue yale yanayoshika," akasema. "Nilitaka yanayodumu kwa sababu nilijua nitaendesha mimi."

Nikanunua yale ya majira yote yanayoelemea mvua. Upepo alisema matairi hayo hayapatikani kwa upana wa rimu zako, kwa hiyo nimerudisha zile gari lilizokuja nazo. Zako zinazong'aa nimezifunga blanketi, ziko stoo juu ya mbao. Najua hutafurahi. Najua pia gari halina tena ule mkao wa chui anayenyemelea. Gari ni lako, mdogo wangu, lakini barabara ni yangu. Kona yanashika vizuri, si kama yale ya kwanza lakini vizuri, na kwenye maji sasa nikikanyaga nasimama pale nilipokusudia. Yakiisha mapema, yaishe.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Daktari amesema ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, na hauumi, na mwenye nao huwa wa mwisho kujua. Mimi nimepimwa, sina. Wewe nenda ukapimwe wiki hii. Usiniambie unaona vizuri. Baba naye alikuwa anaona vizuri.

Na ukipiga simu, mtake yeye kwanza. Usimpe pole, hataipenda. Muulize jambo la gari linalohitaji akili, kwamba mlio fulani unatokana na nini, na umwache aeleze mpaka amalize.

Siku nyingine huwa naongozana naye kazini, ili asishinde kwenye kiti cha varandani. Jumanne mvua ilitushika tukiteremka mlimani. Nilisikia matairi yakibadili sauti yalipoanza kukata maji, nikapunguza mwendo, nikangoja aniambie nishushe gia, kama ambavyo amekuwa akiniambia tangu aliponifundisha kuendesha. Nilipomtupia jicho nilikuta amelala, kichwa kimeegemea kioo, mikono imelegea mapajani. Mama anasema toka amwoe hajapata kumwona akilala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nilifika hospitali, nikakabidhi sampuli, nikarudi, nikakaa garini injini imezimwa mpaka alipoamka mwenyewe.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi anawakumbuka kila mmoja kwa utundu wake. Mama anakusalimu na anasema ule. Mama mdogo naye alipita jana, anakusalimu na anauliza picha za watoto. Baba anakusalimu, nilipomwambia nakuandikia alisema nikueleze kwamba matairi ni mazuri. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mtamu na njia iliyonyooka.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na ambaye bado nakupenda,
Dada yako.