Mohanthal ya Dada Jasu

Shinyanga. Jumatatu, alasiri.

Joto la leo halisemeki. Mawingu yamekusanyika upande wa Kolandoto tangu asubuhi, yananguruma tu, hayashushi kitu. Vumbi limeingia hadi ndani ya sanduku la nguo. Nyumba nzima imelala usingizi wa mchana, isipokuwa mimi na hii mimba yangu ya miezi mitano.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Ba, mama mkwe wangu, hawezi kukisoma. Kukisema anakisema, tena kutwa anagombana nacho na wauza samli pale dukani, lakini kilichoandikwa kwake ni nyayo za kuku. Mimi nilizaliwa Ushetu, kwenye duka la baba, na karani wake ndiye aliyenifundisha herufi hizi. Bila yeye haya ningeyaweka wapi?

Dada Jasu ameondoka leo asubuhi.

Mimi ndiye niliyemfukuza.

Dada Jasu ni mke wa Harish, kaka mkubwa wa mume wangu. Harish alikufa miaka mitatu iliyopita, lori lilipopinduka kwenye barabara ya Geita akipeleka bidhaa kwenye maduka ya machimboni. Tangu siku hiyo Dada Jasu anavaa nyeupe. Hana bangili, hana tone jekundu kwenye paji la uso, na anakula watu wote wakishamaliza. Siku za sikukuu haruhusiwi hata kuingia jikoni, kwa sababu Ba anaamini mkono wa mjane unaleta msiba juu ya chochote unachokigusa. Ana miaka ishirini na sita.

Zamani, kila mtu husema, hapakuwa na mwanamke mjini hapa wa kumshinda kwa vitamutamu vya Diwali, sikukuu yetu ya taa.

Mwaka huu kazi hiyo Ba alinipa mimi. Alinifungulia kabati akanionyesha sukari aliyoikusanya kidogo kidogo kwa miezi, maana vita vimekwisha lakini sukari bado tunagawiwa kwa kipimo. Palikuwa na debe la samli ya vijijini, iliki, na zafarani kidogo ndani ya karatasi. Alitaka mohanthal. Ni unga wa dengu uliokaangwa kwa samli, ukamiminiwa shira ya sukari, ukagandishwa kwenye sinia na kukatwa vipande. Kusema ni rahisi.

Alhamisi niliunguza karai zima. Unga uliungua chini ukabaki mbichi juu, na shira ikawa jiwe. Ba aliingia, akanusa, akachukua kipande akakigonga ukutani. Ko, ko, ko.

"Mimba ya kwanza ilikushinda," alisema. "Na karai limekushinda. Sijui utaweza nini."

Hakupaza sauti. Ba hapazi sauti kamwe.

Ijumaa alasiri alikwenda kwa jirani yetu, Mama Bhanu, kutunga maua ya sikukuu. Nilingoja hadi aliposhika njia, nikaenda chumba cha nyuma anakolala Dada Jasu, pembeni ya magunia ya chumvi.

"Dada, nisaidie. Nikiharibu tena ataniua."

"Unajua siruhusiwi."

"Hakuna atakayejua. Yuko Mama Kulwa peke yake." Huyo ni mama wa Kisukuma anayetufulia na kutuwashia moto. "Yule hasemi."

Alitazama mikono yake. "Na nikikutwa?"

"Nitasema mimi ndiye niliyekuita. Naapa kwa huyu mtoto aliye tumboni."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha kuapa.

Alikuja. Alichukua unga, akaunyunyizia maziwa ya vuguvugu na samli, akausugua kati ya viganja mpaka ukawa chenga chenga, akauchekecha. Akaukaanga juu ya mkaa mdogo kwa muda mrefu mno, mimi nikawa nahangaika Ba asije akarudi. "Usiutazame unga," aliniambia. "Unuse." Kweli harufu ilibadilika, kutoka dengu mbichi ikawa kama njugu za kukaanga. Shira aliishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta ikatoa uzi mmoja mwembamba, usiokatika. Mwishoni alikuna kungumanga, akatia. Hilo sikuwahi kuliona kwa mtu mwingine.

Alikuwa anaimba. Kwa sauti ya chini, nadhani hakujijua.

"Leo mama anaimba," Mama Kulwa alisema huku akipuliza moto, na Dada Jasu akanyamaza papo hapo.

Hakuonja hata chembe, kwa sababu miungu ilikuwa bado haijapewa sehemu yake. Alimimina kwenye sinia, akasawazisha kwa kitako cha kikombe, akanawa mikono kwa majivu akarudi chumbani kwake. Ba aliporudi alinikuta peke yangu nakata vipande. Alivitazama kwa muda. Akasema, "Haya."

Kwa Ba hiyo ni sifa kubwa.

Jumamosi tuliwasha taa. Jana, siku ya mwaka mpya wetu, wanawake walikuja kutuamkia wakakaa mkekani barazani, watano pamoja na watoto wao. Sinia lilizungushwa. Wakala, wakasifu, wakaniuliza nani alinifundisha. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Ba akasema, "Ni mkwe wangu huyu," na ilikuwa mara ya kwanza kunitaja mbele ya watu bila kuugua. Nilifurahi, nikiri. Haya niliona kidogo, lakini furaha ilizidi.

Mama Bhanu alikuwa anatafuna polepole. Ni mwanamke mwema, hakuwa na nia mbaya.

"Kungumanga," alisema. "Huu ni mkono wa Jasu."

Watu wakaacha kutafuna.

Ba alinigeukia. "Manju. Jasu aligusa hii?"

Nilikuwa na mkono juu ya tumbo langu. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelitoa tayari siku mbili kabla, kwa kiapo. Nikafungua mdomo na hiki ndicho kilichotoka:

"Aliingia mwenyewe, Ba. Nilikuwa nimekwenda kujilaza kidogo. Niliporudi nilimkuta ameshika mwiko, nikamwambia atoke, akakataa. Niliogopa kukuambia."

Maneno yalikuja laini, yamepangika, kama niliyoyafanyia mazoezi.

Dada Jasu aliitwa. Alisimama mlangoni, maana mjane haingii walipo wageni siku kama ile.

"Uliingia jikoni kwangu?"

Alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Niliingia."

"Nani alikuita?"

"Hakuna."

Nilidhani Ba amemaliza. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu alikula mkono huo miaka minne. Yuko wapi? Sasa unamtaka na mjukuu wangu?"

Harish alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Wanasema siku ya mazishi Ba hakulia, na mimi sijamwona akilia hadi leo.

Alimwamuru Dada Jasu abebe sinia mwenyewe hadi kwenye shimo la majivu, nyuma ya choo, akamwage. Sisi sote tuliona kupitia mlango wa uani. Alimwaga. Kuku wakaja mbio, Ba akasema hata kuku wasile, afukie. Hakuna aliyempa koleo. Dada Jasu alichuchumaa na ile nguo yake nyeupe akavuta majivu kwa mikono mpaka rangi ya dhahabu ikaisha. Sukari ya miezi yote ile. Mtoto mmoja wa wageni alilia akitaka kipande, mama yake akamfinya. Mama Bhanu alikuwa bado na nusu kipande mkononi, hajui akiweke wapi. Mwishowe alikifunga kwenye ncha ya sari yake.

Wageni walipotoka Mama Kulwa alinifuata kwenye kamba ya nguo.

"Mayu, wewe ndiye uliyemwita," alisema; mayu kwao ni mama. "Mimi nilikuwa pale, napuliza moto."

"Ukisema hivyo kwa Ba, kesho huna kazi."

Mama huyu ana umri wa mama yangu aliyenizaa. Tangu niolewe humu namwamkia shikamoo, Ba asiposikia, kwa sababu Ushetu ndivyo nilivyolelewa. Alinitazama kama mtu anayetazama nyama iliyooza sokoni.

"Nina watoto wanne," alisema. "Sitasema."

Ba hakungoja. Baba mdogo wa mume wangu ana duka huko Geita, karibu na machimbo. Mke wake ni mgonjwa wa kulala, watoto ni watano, na kwa miezi walikuwa wanaomba mtu wa kuwapikia. Lori la chumvi lilikuwa linakwenda leo asubuhi. Basi, Dada Jasu atakwenda na lori la chumvi. Ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai kuamua hivyo.

Jioni, kabla ya chakula, nilimwambia mume wangu ukweli wote. Ramesh alikuwa anachana nywele. Chanuo likasimama.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Ba ameshasema mbele ya watu. Unataka awarudie awaambie mkwe wake ni mwongo?" Akaendelea kuchana. "Na huko Geita watamhitaji."

Alilisema kwa upole, kama anayenifariji. Na mimi nikafarijika. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikula vizuri jana jioni.

Leo asubuhi nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa anafunga furushi: sari mbili, chanuo, kikombe cha shaba. Viganja vyake vilikuwa bado na kijivu kwenye mistari.

"Dada, nisamehe."

"Nani yuko barazani?"

"Ba. Na Mama Bhanu na wengine wawili, wamekuja kunywa chai."

"Vizuri. Nenda ukawaambie kwamba wewe ndiye uliyeniita. Maneno machache tu, hata usikae. Ukirudi hapa nitakusamehe, na Geita nitakwenda vilevile. Sitaki kubaki nyumba hii. Nataka wajue tu kwamba sikumfanyia mtoto wako ubaya."

Hakuwa na hasira. Alifunga fundo, akalijaribu kama limekaza, akaendelea na lingine.

Nikaenda. Naapa nilikwenda kwa nia ya kusema. Nilipita ukumbini, nikasikia vikombe, nikatokea mlangoni pale pale alipokuwa amesimama yeye jana. Ba akaniona. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae, mwanangu. Usisimame sana na hali hiyo."

Miaka miwili nimo nyumba hii. Hajawahi kuniita mwanangu.

Nikakaa.

Nikapewa chai, yenye sukari ya mgeni, vijiko viwili. Mama Bhanu aliniangalia mara moja kisha akaangalia mlango. Nadhani anajua. Nadhani hata jana alijua. Naye alikunywa chai yake.

Tulisikia lori likiwashwa. Likakohoa, likazima, likawashwa tena. Hakuna aliyeinuka. Mlio ulipopotelea upande wa reli ndipo Ba alipoanza kuzungumzia kitambaa cha nguo za mtoto.

Mama Kulwa ndiye aliyembebea furushi. Alikuja kunieleza bila mimi kumuuliza, amesimama mbali kidogo, ndoo mkononi. Kiti cha mbele kilikuwa cha dereva na tingo wake, kwa hiyo walimpandisha juu ya magunia. Alijifunika uso kwa sababu ya vumbi na kushika kamba kwa mikono miwili. Kabla ya hapo alikuwa ameuliza, "Manju amerudi?" Mama Kulwa akamjibu bado. Akangoja mpaka dereva akaanza kutukana.

"Shikamoo, Mama Kulwa," nilimwambia, sijui kwa nini, kwa kukosa la kusema.

Alimwaga maji ya ndoo akaondoka. Hakuitikia.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Lori lilipoondoka, chini ya ile aibu, nilisikia kitu kingine. Niliona nafasi imepatikana. Mwaka ujao hakuna atakayesema huu ni mkono wa fulani. Sitalinganishwa. Dada Jasu hakuwahi kunikosea hata siku moja, alinionyesha kila kitu bila kunificha, hata siri ya kungumanga, na mimi nilifurahi kuondokewa naye kama mtu anavyofurahi jino bovu likitoka.

Sikujua nina hilo ndani yangu. Sasa najua.

Ba ameamka, namsikia akikohoa. Ataniita nimpelekee maji, na nitayapeleka. Kesho asubuhi tutakaa wawili uani kuchambua mchele, kama kila Jumanne, bila mgeni wala mume. Hakutakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kumwambia kila kitu, tangu mwanzo.

Najijua. Nitachambua mchele.