Jezi ya Kipa Imerudi Nyumbani

Mwangi, jezi mpya zimekuja! Seti mbili nzima, na za kipa peke yake ni tatu! Nimekimbilia kalamu hata salamu nikasahau. Uko aje huko, mtoto wangu?

Mfadhili amepatikana. Wachezaji wanalipwa sasa, kidogo, lakini kila mwisho wa mwezi. Si kama nyinyi, maprofesheno wa kwenda mechi Nakuru juu ya lori la mbao.

Hapa Elburgon watu wanasema kochi ndiye alishikilia timu. Mimi nanyamaza, lakini wewe unajua ni nani. Nani alikuwa akifua ile seti moja? Na kwa mvua hii yetu, zikauke wapi? Nilizianika juu ya jiko mpaka zikanuka moshi kuliko mimi. Mlipoingia uwanjani vijana wa mjini wakaanza, "Leo tunacheza na mahindi choma!" Ukawaambia, "Basi chungeni midomo." Na hawakukufunga hata moja! Mama yupi mwingine hapa amezaa mtoto wa kugusa mwamba wa goli bila kuruka? Nionyeshwe.

Halafu figo zikakushinda. Ukaniacha.

Hili hujui. Siku ya kukuzika, wenzako walitaka uvalishwe ile jezi ya kijani. Kapteni akaniambia, "Mathe, aende nayo. Sisi tutajipanga." Nikakataa. Jezi ya kipa ilikuwa hiyo moja tu, na Jumamosi kulikuwa na mechi, Kiprono akidaka mahali pako. Nilikusikia kabisa ukiniuliza, "Mum, sasa Kiprono avae gunia?" Ukaenda na suti yako ya kanisa, ile ya kukubana mabega.

Jumamosi hiyo nilienda uwanjani. Nikaiona jezi kwa goli, mgongo umenigeukia. Nikaita jina lako. Kwa sauti, Mwangi, watu wote wakasikia. Kiprono akageuka kuniangalia, na mpira ukampita. Hakuna aliyemlaumu. Hata kochi aliinama tu.

Jana Kiprono aliileta, ameikunja vizuri. "Mathe, hii ni yake..." Nikamshika, tukalia hapo mlangoni kama watoto.

Nimeshaifua. Inaning'inia juu ya jiko hivi ninavyoandika, inanuka vile ulivyoizoea. Fundi alikuwa tayari kumwaga simiti kwa kaburi lako, nikamwambia angoje. Nitaizika kwanza kwa huo mchanga, hapo juu ya kifua chako, kwa mikono yangu. Nakuahidi. Vijana wamesema simiti watakoroga wenyewe, na eti nisipike. Nisipike, mimi? Nitapika githeri mpaka ibaki.

Lala sasa, kipa wangu. Usiogope baridi ya huku kwetu, nguo yako inakauka. Timu yote inakuja Jumamosi.

Ni mimi, Mum.