Wa Kutusemea

Karakanani, 4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi hapa wazima, ila goti langu siku hizi lina mdomo, nikipanda ngazi linapiga kelele kunishinda mimi. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama umenenepa.

Mwanangu, yamenikuta. Kuna mtu kapita anavumisha kwamba magodoro yangu yanajazwa pamba kuukuu ya hospitali. Mimi! Miaka thelathini na moja nachambua pamba kwa mikono yangu! Wateja wamepotea, mafundi wanashinda wakisukana nywele. Nimeambiwa nitafute kampuni ya uhusiano wa umma, inisemee kwa watu na kwa waandishi wa habari. Kumbe kuna watu wanalipwa kuwasema wenzao vizuri! Shangazi yako anawasema vibaya kila siku, tena bure.

Wamekuja wa kampuni tatu. Kazi yenyewe ndiyo unayoifanya huko, basi nielekeze nichague vipi. Uniandikie, usinipigie. Kwenye simu tunaulizana hali, halafu tunanyamaza kama wagonjwa kwenye foleni.

Baba yako

19 Februari

Baba, shikamoo.

Pole na goti, pole na uzushi. Mwambie shangazi sijanenepa, na asifurahi.

Usichague kwa suti wala kwa picha za ukutani. Uliza ni nani hasa ataishika kazi yako, maana anayekuja kuiomba mara nyingi siye anayekuja kuifanya. Akikuahidi kwamba magazeti yataandika anachotaka yeye, msindikize mlangoni. Atakayekuuliza kwanza kama uvumi huo ni wa kweli, mpe kiti. Kisha wape wote watatu kazi moja ndogo ya majaribio, ileile, ulinganishe.

Likizo ya mwaka huu nayo haijakaa sawa. Tutaona.

Mwanao

Karakanani, 8 Machi

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano nikamsomea shangazi yako akiwa anapika, mpaka akaniambia nitoke jikoni.

Kazi ya majaribio nimewapa. Usiniulize ni ipi. Ila nina maswali. Wa kutusemea awe mwanamume au mwanamke? Kijana au mtu mzima? Yule wa kwanza anatafuna ubani huku anazungumza, hilo ni kosa? Wa pili ofisi yake iko ghorofa ya sita, hiyo ina maana gani? Na hapo kwako, ukifungua dirisha, unaona nini?

Jibu yote. Usiharakishe, andika kirefu.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini goti limetulia.

Awe yeyote, mradi anajua kusikiliza. Ubani si kosa. Dirishani kwangu naona dirisha la jirani.

Sasa na mimi nikuulize. Fundi mkuu ameniandikia kwamba mafundi wawili umewapumzisha kwa kukosa kazi, na wewe bado "unatafakari". Karibu miezi miwili sasa, Baba! Uvumi haukungoji umalize maswali yako. Unaogopa nini? Chagua, jamani.

Mwanao

Karakanani, 10 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa aibu kidogo. Afya njema, usiwe na wasiwasi.

Nimechagua, na hao mafundi wawili nimewaita warudi. Acha nikwambie ile kazi ya majaribio. Niliwaambia hivi: nina binti aliyeondoka miaka saba iliyopita, niandikieni barua ya kumrudisha nyumbani.

Wa kwanza akaandika kwamba niko mahututi kitandani. Nikamwambia chukua ubani wako uondoke. Wa pili akaleta karatasi inayong'aa, yenye picha ya familia inayocheka. Hata mmoja wetu hayumo. Wa tatu ni mama mmoja wa makamo. Alikaa kwenye benchi la kushonea, akaniuliza: siku anaondoka, ulimwambia nini? Nikamwambia. Akafunika kalamu yake. "Mzee, hii siwezi kukuandikia. Andika mwenyewe." Huyo ndiye niliyempa kazi. Jumatatu anawaleta waandishi karakanani, na godoro lolote watakaloonyesha kwa kidole, tutalipasua mbele yao.

Haya, naandika mwenyewe. Siku ile nilikwambia ukivuka mlango usirudi. Ulikuwa umeshika sanduku, mimi nimeshika mkasi, wala sikunyanyua macho. Nilikosa, mama. Nilikosa siku ileile, kabla hujafika barabarani, na nikaona haya kukukimbilia mbele ya mafundi. Nisamehe.

Na jingine. Nilijua wa kuchagua tangu mwanzoni mwa Machi. Nimechelewesha kwa sababu kila swali langu lilikuwa linaleta bahasha yako. Miaka yote hii ulikuwa unatuma kadi yenye maneno mawili, mara nikapata kurasa nzima! Nikajiambia acha biashara iyumbe kidogo. Sasa sina swali tena. Nimekukumbuka tu, mpaka nimechoka kukukumbuka.

Baba yako

28 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi, nimekaa chini na nguo zangu za kazini, watu wananiruka. Nimelia bila kujificha. Kazi yangu ni kuwatafutia watu maneno ya kuomba radhi, na miaka saba yote nilikuwa nayasubiri hayo yako.

Mimi pia nisamehe. Ningeweza kukuuliza mimi kwanza kama bado unayamaanisha maneno yale.

Hii usiijibu, Baba. Jibu halitanikuta huku.

Mwanao