Kichwa Kaskazini

Mama,

Rojo la chapati za dosa limeumuka, mlichome kabla halijachacha. Kahawa ya Baba msitie sukari, hata akinung'unika.

Naenda mjini Nanjangud, kwa dada yangu. Nitarudi ~~kesho kutwa~~ jioni. Viatu nimevaa, nimevua, nimevaa tena.

Asubuhi sikuzimia, Mama, wala sikufa. Nilikuwa namalizia yoga kwa pozi la maiti, la kutuliza pumzi. Nilichagua jikoni kwa kuwa kuna joto na harufu ya kahawa, na tangu niolewe humu ndani sijapata pengine pa kutulia. Kosa langu ni kulaza kichwa kaskazini, kama mila yetu inavyowalaza maiti wa kweli. Ndiyo maana ulinimwagia ndoo nzima ya maji. Kwa hilo nilicheka, tena mpaka mbavu zikauma. Nililia uliposema, "Jiko langu si mochwari, we msomi. Kafie kwenu."

Nilidhani hapa ndipo kwetu.

Kesho alfajiri nitataka kutandika mkeka palepale. Ukikataa, niambie usoni, nitahamia barazani. Ukikubali, nionyeshe tu kichwa kielekee wapi.

Mkweo,
Vaidehi