Wale Wasiopokea Simu

Mpendwa mama,

Nimepata nusu ya jibu. Nusu nyingine bado naitafuta, ila nimeona nisisubiri mpaka ikamilike, maana wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kusubiri. Ukitaka kujua jambo ulilifuata, na asiyejua ulimwacha kwa upole ukaenda kumuuliza mwingine.

Rovu lako nililikuta. Nilipopata akili lilikuwa tayari limejaa shingoni, nami nililiona kama sehemu ya mama, kama pua au masikio. Halikukuzuia kuimba. Uliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, na watu waliochelewa Misa walijua wakiwa bado barabarani kama umekuja au hukuja. Lilipoanza kukukaba ukilala chali, baba akasema imetosha, twende hospitali.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Ulipasuliwa siku moja na Mama Vero, yule muuza dagaa wa pale sokoni, kitanda kando ya kitanda, daktari yule yule. Yeye aliamka akaomba uji. Wewe uliamka ukaomba uji na hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimekuinamia, nikaona midomo yako ikicheza, nikadhani unasali.

Tuliambiwa sauti itarudi. Kilichorudi ni mnong'ono wenye upepo mwingi, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ukazoea. Ulituita kwa kugonga mfuniko wa sufuria. Kwaya hukuiacha, ulihamia kwenye kayamba, na mwalimu wa kwaya akasema hajawahi kupata mpigaji anayeshika mapigo vile. Simu ndiyo iliyokushinda. Mama mdogo akipiga toka Tunduru, ulijibu kwa nguvu zako zote, naye akasema, "Haloo? Haloo? Mtandao wa huku mbaya kweli," akakata. Mwishowe simu ikilia ulikuwa unaitazama tu mpaka inyamaze, au unampa aliye karibu aseme hujambo.

Shangazi alikuja siku moja na maneno yake. Alisema kuna mtu aliionea kijicho sauti yako. Ukamvuta karibu ili akusikie.

"Kijicho hakina kisu, wifi," ukamwambia. "Mimi nataka kujua kilichotokea humu ndani."

Ndipo ikaja ile Pasaka. Ulichinja jogoo, ukamnyonyoa, kisha kabla ya kumkatakata ukaniita jikoni. Ulikuwa umemlaza kwenye kibao, shingo umeipasua kwa urefu, kisu umekishika karibu na ncha kama daktari. "Wewe si unasoma? Nionyeshe."

Nikakuonyesha koo la hewa. Nikakwambia sauti ya kuku inatokea chini zaidi kuliko yetu, lakini sisi tuna neva nyembamba zinazopanda kando ya koo, moja kila upande, zinapita nyuma ya mahali lilipokuwa rovu, ndizo zinazochezesha nyuzi za sauti. Tulitafuta tukapata kitu cheupe, chembamba. Sikuwa na hakika kama ndicho. Ulikiinua kwa ncha ya kisu, ukakitazama mpaka mafuta ya kitunguu yakaanza kuungua.

"Uzi kama huu ndio ubebe wimbo mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini wa Mama Vero umepona na wangu haukupona? Mkono ule ule, kisu kile kile."

Nikasema sijui. Ukasema, "Haya. Ukijua uniambie," ukarudi kwenye kitunguu chako. Presha ilipokuchukua, miaka kadhaa baadaye, ulikuwa bado hujaambiwa.

Sasa nisikilize, mama.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Songea. Daktari wetu wa upasuaji ni mtu wa kuja, ametoka kanda ya ziwa, mpole, na ana ugonjwa wako wa kutaka kujua. Alianzisha utafiti: watu tuliowapasua rovu wakishatoka hapa, wanaendeleaje? Nani anapona vizuri, nani hapati nafuu, na kabla ya kisu kulikuwa na dalili gani ambayo tungeweza kuiona? Maana wodini tunamwona mtu siku chache tu. Akipanda basi kurudi kwao, kwetu sisi amepona.

Tukaanza kuwapigia simu. Niliuliza kuhusu kidonda, homa, kufa ganzi vidole, na sauti. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Karibu kila aliyepokea alisema sauti yake ni nzima, nami nilisikia kwa masikio yangu kuwa ni nzima. Daktari akapitia majibu, akavua miwani.

"Sister, haya ni mazuri kupita kiasi. Kuna kitu hatukioni. Hawa ambao hawakupokea, unadhani wako wapi?"

Nilitaka kusema wamebadilisha namba, kama kila mtu anavyosema. Lakini nikakuona wewe, mama, umekaa jikoni na simu inalia mapajani. Nikaketi. Nikamweleza habari ya mama mdogo na mtandao wa Tunduru.

Daktari akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. "Kumbe tumewauliza wenye sauti tu," akasema. "Basi tuwafuate."

Tuliwafuata kwa pikipiki na kwa gari la hospitali lilipopatikana. Wengine kweli walikuwa wamebadilisha namba tu, na tuliwakuta shambani wanapiga soga. Lakini kule upande wa Madaba tulifika kwa mama mmoja aitwaye Oresta. Mumewe alitupokea, tukaamkiana, akatuambia kabla hatujauliza, "Mke wangu hajambo kabisa, alishapona." Mama Oresta alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Midomo yake ikacheza. Nikasogea, nikakaa chini kwenye magunzi, sikio langu karibu na mdomo wake, kama nilivyokuwa nakaa kwako.

"Marahaba," alinong'ona. "Wewe umejuaje kusogea?"

Nikamwambia mama yangu alikuwa hivi. Alinishika mkono asiuachie. Akaniambia zamani alikuwa anauza vitumbua stendi, akiita abiria waliokuwa kwenye mabasi, sasa ameacha kwa kuwa abiria hawamsikii. Akaniambia mumewe si mbaya, ila amezoea kumsemea, na watu wameanza kumsalimia yeye kupitia kwa mume, kana kwamba hayupo. Nikamuuliza kwa nini hakurudi hospitali.

"Nilidhani ndiyo malipo ya kupona," akasema. "Rovu limetoka, sauti imekwenda nalo."

Daktari alimsikiliza akiwa amechuchumaa, kofia mkononi. Tulimpa tarehe ya kuja kutazamwa koo. Amekuja, na amefundishwa mazoezi ya kusema. Si sauti ya stendi, mama, lakini sasa mtu aliye upande wa pili wa meza anamsikia, na mumewe ameanza kunyamaza wageni wakimuuliza mkewe jambo.

Tuliwapata wengine kama yeye. Tulipowaweka pamoja, ndipo jibu lako likaanza kujitokeza. Wengi wao walikuwa na rovu kubwa lililokaa miaka mingi, lililoteremka nyuma ya mfupa wa kifua, au walikuwa wamewahi kupasuliwa kabla. Rovu la namna hiyo huisukuma neva kutoka mahali pake, huivuta, hushikamana nayo, mpaka mwenye kisu anaitafuta mahali ambapo haipo. Nikakumbuka lako, lile nililolikuta nilipozaliwa. Nikakumbuka la Mama Vero, dogo, la upande mmoja, alilolikimbilia mapema kwa sababu aliona aibu wateja kulitazama. Mkono ulikuwa ule ule, lakini shingo hazikuwa sawa. Hiyo ndiyo nusu ya jibu.

Halikuishia kwenye makaratasi. Miezi kadhaa iliyopita alikuja mwalimu wa darasa la kwanza, Neema jina lake. Alikuwa na rovu la wastani. Aliuliza swali moja tu.

"Nitaweza kufundisha?"

Zamani tungesema usiwe na wasiwasi. Daktari alinitazama, nami nikavuta kiti. Nikamwambia wengi hawapati tatizo, wengine sauti huwa dhaifu kisha hurudi, na wachache hairudi. Nikamsimulia habari zako. Alisikiliza bila kupepesa macho, akaenda zake. Nikadhani nimemfukuza.

Wiki iliyofuata alirudi. "Nikingoja likue, hatari inaongezeka?"

"Kwa tulivyoona, inaongezeka," daktari akasema. "Ukifanya sasa ni ndogo zaidi. Siwezi kukuambia haipo."

"Basi fanyeni sasa."

Alipozinduka nilikuwa pale. Nikamwomba ataje jina lake, na kilichotoka kilikuwa upepo. Daktari alimtazama kooni kwa kioo kidogo, akasema uzi mmoja wa sauti umelegea lakini haujalala kabisa, tusubiri. Mwalimu Neema akaandika kiganjani mwangu kwa kidole: tutasubiri. Akaja kila alipoitwa, akafanya mazoezi, darasa lake likashikwa na mwenzake.

Asubihi moja nikiwa nasafisha vidonda, simu yangu ikalia mfukoni. Nikavua glovu nikapokea.

"Sister, ni mimi Neema."

Sauti ilikuwa nene kidogo kuliko ya zamani, lakini ni sauti. Akasema, "Usikate, sikiliza." Nikamsikia akigeuka, akavuta pumzi, akasema, "Simameni," nami nikasikia madawati yakikwaruza sakafu, darasa zima likainuka.

Kwa nini yake imerudi na yako haikurudi, sijui. Wapo wenye rovu dogo waliopoteza sauti, wapo wenye kubwa waliosalimika, na daktari naye anakuna kichwa. Kesho tunakwenda tena vijijini, tutaanza na wale ambao simu zao zinaita tu.

Pumzika, mama. Kaburi lako tumelipalilia, na baba anakusalimu.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Yustina